Kuvundika ng'onda bila kuiacha ivunde: mwongozo kamili wa chumvi, jua na bakteria

Bibi yangu kule Pemba alikuwa na maneno mawili ya kuhukumu samaki wa chumvi. Aliyelazwa pipani chini ya jiwe "anavundikwa", kama ndizi mbichi zinavyofunikwa mpaka zikaiva. Aliyeachwa akaharibika "amevunda". Nilipokuwa mtoto nilidhani ni neno lile lile, likitamkwa kwa hasira. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, baada ya kuharibu ndoo nzima ya samaki wangu mwenyewe. Katika hali zote mbili vijidudu wanaila nyama. Tofauti ni wepi umewafungulia mlango.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza ng'onda nyumbani, yaani samaki wa baharini aliyepasuliwa, akatiwa chumvi nyingi, akavundikwa siku chache kisha akaanikwa. Nimeuandika kwa kilo tatu za changu, kiasi ambacho mtu mmoja anakimudu kwa ndoo moja na chanja moja. Katika kila hatua nitaeleza pia kinachotokea ndani ya nyama, kwa sababu anayejua nani yuko kazini saa hiyo anajua la kufanya mambo yakienda kombo.

## Ladha inatoka wapi

Samaki mbichi ana ladha hafifu. Karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na protini yake ni minyororo mirefu ambayo ulimi hauihisi. Ladha huja minyororo hiyo ikikatwakatwa. Wanaoanza kuikata ni vimeng'enya vya samaki mwenyewe, vilivyomo kwenye misuli na tumboni, ambavyo haviachi kazi eti kwa sababu samaki amekufa. Bakteria wanaostahimili chumvi hupokea hapo na kuendelea. Vipande vya mwisho ni asidi amino, na mmoja wao ni glutamati. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitambua glutamati kuwa ndiyo inayoleta ile ladha nzito ya mchuzi, akaiita umami. Mwaka 1913 Shintaro Kodama akapata kitu kingine chenye ladha hiyo, inosinati, ndani ya katsuobushi, samaki mkavu wa Wajapani. Viwili hivi vikikutana, nguvu yake huzidi sana ile ya kimoja kimoja. Nyama ya samaki inayo inosinati, na nyanya ina glutamati kwa wingi. Kipande cha ng'onda cha ukubwa wa kiganja kinapobeba sufuria nzima ya muhogo, ndicho kilichotokea humo.

Hiyo ni ladha ya ulimini. Harufu ina mafundi wake wengine. Katika samaki wa chumvi sehemu mbalimbali za dunia hukutwa jamaa wa Staphylococcus wasio na madhara, kama Staphylococcus xylosus na Staphylococcus equorum, pamoja na Tetragenococcus halophilus, bakteria wa asidi ya maziwa anayeishi kwenye chumvi ambayo wenzake wengi hawaiwezi. Hawa huzivunja asidi amino na mafuta na kuzigeuza hewa zenye harufu ya jibini, ya kimea, ya korosho zilizokaangwa. Ndiyo harufu inayokupokea ukifungua pakacha la ng'onda nzuri.

Upande wa pili wako waliozoea baridi na maji mengi, akina Shewanella na Pseudomonas. Samaki wa baharini ana kitu kiitwacho oksidi ya trimethilamini, ambacho humsaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Kikiwa kizima hakina harufu. Shewanella na wenzake wakikivua oksijeni yake kinabaki trimethilamini, ambayo ni ile shombo inayong'ang'ania mikononi hata ukinawa. Wakienda mbele zaidi hutoa hewa ya salfa, harufu ya yai viza. Hawa ndio tunaowafungia mlango, na komeo lake ni chumvi.

Chumvi haiui kila kitu. Inachofanya ni kuyashika maji yasipatikane kwa viumbe. Wataalamu hupima maji yaliyo huru kwa kipimo cha 0 hadi 1: samaki mbichi yuko karibu 0.99, na maji yaliyoshiba chumvi kabisa yako 0.75. Waozeshaji wengi huzimika mapema katika mteremko huo. Bakteria wa botulizimu, ile sumu ya chakula inayopoozesha mwili, hata wale wagumu zaidi, hawakui chumvi ikifika asilimia 10 ya maji yaliyomo ndani ya nyama. Lakini Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye vidonda vya mikono yetu, anavumilia hadi karibu 0.86 na ana sumu isiyoondoka kwa kupika. Kwa hiyo mwenye kidonda au jipu mkononi asiguse samaki huyu, hata akivaa kitambaa.

## Vifaa

Ndoo ya plastiki ya chakula au pipa dogo, lisiwe la bati. Sahani ya kauri itakayoingia ndani ya ndoo, na jiwe la mto lililochemshwa au chupa ya maji ya lita mbili kwa kukandamizia. Kisu kikali, mizani, chanja ya fito au wavu iliyoinuliwa usawa wa kiuno, na chandarua. Chumvi kilo moja na nusu.

Kuhusu chumvi nina msimamo. Usitumie chumvi iliyobaki kwenye samaki wa mara iliyopita, hata kama inaonekana safi. Na kama chumvi yako ni ya majaruba, ya Bagamoyo, Lindi au Gongoni, ikaange kwanza kwenye karai kavu kwa nusu saa huku ukiigeuza. Umewahi kuona maji ya majaruba yakikaribia kukauka yanavyogeuka mekundu? Wekundu huo ni viumbe hai, akina Halobacterium, ambao bila chumvi nyingi hawawezi kuishi kabisa. Wanabaki ndani ya punje za chumvi wakisubiri, na wakifika kwenye ng'onda yenye unyevu wanaamka. Moto huwamaliza.

Punje ziwe za wastani. Chumvi laini kama unga hukausha nyama ya juu haraka ikawa kama ngozi, na ya ndani inabaki na maji yake. Mawe makubwa nayo huyeyuka polepole, na katika joto la Pwani huna muda wa kuyasubiri.

## Hatua ya 1: Kuchagua samaki

Anza na changu au chewa. Ni samaki wasio na mafuta mengi, wanapokea chumvi vizuri na wanasamehe makosa. Nguru, jodari, vibua na kolekole waache mpaka mkono uzoee. Nyama yao ina histidini nyingi, na samaki wa aina hiyo akikaa juani saa chache bila barafu, bakteria kama Morganella morganii huigeuza histidini kuwa histamini. Ukishaila, uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Histamini ikishaingia haitoki: chumvi haiiondoi, jua haliiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kanuni za Codex, ambazo ni viwango vya kimataifa vya chakula, zimeweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo, lakini sokoni hakuna wa kukupimia. Ukimwonja samaki akakuchoma ulimi kama pilipili, mteme na usimle.

Nenda sokoni mapema, uchague jicho lililojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Beba barafu. Kuna wanaoamini kuwa samaki aliyekwisha kulegea ndiye wa kutia chumvi kwa sababu "chumvi itamrudisha". Chumvi humsimamisha pale alipofika, wala haimrudishi nyuma hata hatua moja.

Huko Benin na Togo kuna samaki aitwaye lanhouin ambaye huachwa kwanza usiku kucha bila chumvi, ndipo atiwe chumvi na kuvundikwa siku kadhaa. Ladha yake ni kali, inakoleza mchuzi kama kiungo. Ni ufundi wa watu waliourithi, na hata kwao histamini ni tatizo linalojulikana. Mimi nyumbani siufanyi.

## Hatua ya 2: Kupasua

Paa magamba. Mpasue samaki mgongoni, kuanzia kichwani hadi mkiani, kisu kikipita juu ya uti wa mgongo, halafu mfungue kama msahafu kwenye kirehani, tumbo likiwa ndiyo mshono. Toa matumbo na matamvua yote. Kisha tafuta ule mstari wa damu nyeusi uliolala chini ya uti wa mgongo. Hiyo ni figo, na nimeona watu wengi wakiiacha. Ikwangue kwa ncha ya kisu au kwa mswaki mpya mpaka mfupa uwe mweupe. Uozo wa ng'onda huanzia hapo karibu kila mara.

Kuhusu matumbo nataka ukae nami kidogo. Mbegu za botulizimu hupatikana kwenye tope la bahari na maziwa, kwa hiyo huwa tumboni mwa samaki. Wamisri wana fesikh, mkizi wa chumvi anayeliwa sikukuu ya Sham el-Nessim, ambaye huvundikwa mzima bila kutolewa matumbo. Mwaka 1991 mjini Cairo watu 91 walilazwa hospitali kwa kula fesikh, na 18 kati yao walikufa. Chumvi ilikuwa bado haijafika tumboni wakati bakteria walikuwa tayari wamefika. Samaki aliyepasuliwa wazi anapata chumvi pande zote kwa pamoja, na desturi ya Pwani ya kupasua mgongoni inatulinda kuliko tunavyojua.

Nyama isizidi unene wa sentimita mbili. Inapozidi, ichanje mikato ya mshazari kila sentimita tatu, isifike kwenye ngozi. Mloweke samaki nusu saa kwenye maji baridi yenye vijiko viwili vya chumvi kwa lita, damu itoke, kisha mtundike achuruzike. Sasa mpime. Kilo tatu za changu mzima hubaki karibu kilo mbili na nusu.

## Hatua ya 3: Chumvi

Gramu 300 za chumvi kwa kila kilo ya samaki aliyepasuliwa. Kwa kilo mbili na nusu ni gramu 750. Usikisie kwa kiganja mara za mwanzo, tumia mizani.

Sugua chumvi kwenye mikato, kwenye mashavu, na kandokando ya mfupa. Tandaza chumvi kidogo chini ya ndoo, laza samaki wa kwanza ngozi chini, nyunyiza, laza wa pili, endelea hivyo. Wa mwisho juu kabisa alale ngozi juu. Weka sahani, weka jiwe, funika kwa kitambaa kilichokazwa ili nzi wasipite. Nzi mmoja akipata upenyo wa dakika tano, kesho una funza.

## Hatua ya 4: Kuvundika

Ndani ya saa chache maji yataanza kutoka. Kufikia kesho yake yanatakiwa yawe yamewafunika samaki wote. Yasipofika, chemsha lita moja ya maji na gramu 360 za chumvi, yaache yapoe kabisa, kisha ongezea. Kipande kinachochungulia juu ya maji ya chumvi ndicho kitakachooza.

Saa 24 za kwanza ni mbio. Chumvi inaingia ndani ya nyama, na waozeshaji wanajaribu kufika mfupani kabla yake. Katika joto la nyuzi 30 wanazaana haraka, kwa hiyo siku hiyo ya kwanza iweke ndoo kwenye friji, au ndani ya beseni la barafu, au angalau kwenye sakafu ya chumba chenye giza. Ukishavuka hapo, joto si adui tena. Chumvi imekwisha kutangulia, na joto linawasaidia wale mafundi wa ladha.

Siku ya 2 yafunue maji uyatazame. Yatakuwa mekundu kwa damu na yamechafuka kidogo, harufu yake ni ya bahari. Siku ya 3 nyama imekaza, imepoteza ule mng'ao wa ubichi. Anayependa ng'onda ya upole amtoe hapa. Kuanzia siku ya 4 hadi ya 7 harufu inageuka polepole: shombo inarudi nyuma, inakuja harufu tamu-tamu, nzito, inayokumbusha samli ya kienyeji. Akina Shewanella wamezimika, wavumilivu wa chumvi wamepanua makazi, na vimeng'enya vinaendelea kukata. Mimi humwacha changu siku 5. Kila siku mgeuze, wa chini aje juu, kwa mkono uliooshwa kwa sabuni au kwa koleo.

Bibi alikuwa na kipimo chake, ambacho sijapata kingine bora. Alikuwa anamtoa samaki mmoja, anafuta maji kwa ukingo wa kanga, anapitisha kidole gumba kando ya uti wa mgongo, akibonyeza kwa nguvu kutoka shingoni hadi mkiani. Kisha hakumnusa samaki, alinusa kidole. Mfupa ukitoa harufu nzuri, samaki mzima ni mzuri. Ukitoa harufu ya yai viza, au ile amonia inayochoma pua, alikuwa anamwaga ndoo nzima bila kusema neno. Nilimwona akifanya hivyo mara moja, siku ambayo hapakuwa na kitoweo kingine.

Kuna anayeuliza kama maji ya ndooni yanafaa kuwa sosi kama nước mắm ya Vietnam. Hayafai. Kisiwani Phú Quốc dagaa wa baharini huchanganywa na chumvi, sehemu tatu kwa moja, wakakaa karibu mwaka mzima kwenye mapipa ya mbao, mpaka protini nyingi imegeuka majimaji. Maji yako ya siku 5 yana damu na chumvi, ladha bado iko ndani ya samaki. Yamwage. Wasomaji wa Muscat mnaojua malih wa kwenye mitungi mtaona kuwa tumesimama njiani tu: malih hubaki ndani ya chumvi yake mpaka siku ya kuliwa, ng'onda inatoka kwenda juani.

## Hatua ya 5: Kuanika

Msuuze samaki haraka kwenye maji safi, sekunde chache, kuondoa chumvi ya juu. Usimloweke. Mkamue kwa kumkandamiza kati ya mbao mbili kwa saa moja.

Msimu ni nusu ya kazi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ni wakati mzuri. Baada ya masika pia, kuanzia Juni, upepo wa kusi unakausha vizuri hata jua likiwa la wastani. Upepo unafanya kazi kuliko jua. Jua kali la saa sita siku ya kwanza hupika nyama ya juu, ikafunga kama gamba, na unyevu unabaki mfupani. Kwa hiyo siku ya kwanza anika asubuhi hadi saa nne, ondoa au weka kivuli chenye upepo, rudisha saa tisa alasiri. Siku ya pili na kuendelea unaweza kuacha mchana kutwa. Geuza kila baada ya saa mbili au tatu. Chandarua kisigusane na samaki, maana nzi hutaga kupitia matundu.

Jioni mkusanye samaki kabla ya umande, mpange ndani pakachani, juu yake weka ubao na jiwe. Wengi wanafanya hivi kwa kuogopa mvua na paka, lakini faida kubwa iko kwingine. Usiku, chini ya uzito, unyevu wa ndani unasogea kwenda nje, na asubuhi samaki aliyelala mkavu anaamka na unyevunyevu mgongoni. Ni kuvundika kwa mara ya pili, na bakteria wanaendelea na kazi gizani. Wavuvi wanaokwenda dago, wakapiga kambi visiwani wiki kadhaa mbali na barafu na soko, huwa na marundo ya namna hii chini ya makuti. Samaki wao hukauka kwa mwendo wa polepole kuliko wetu wa mjini, na ladha inaonyesha.

Siku 4 hadi 7 zinatosha. Kilo moja ya samaki aliyepasuliwa hubaki nusu kilo na kidogo. Ukibonyeza sehemu nene kwa kidole isiache shimo, ukimkunja asikatike, na chumvi iwe imeanza kung'ara juu kama mchanga mweupe.

Wanaokausha sangara kwa ajili ya soko la Kongo, yule mnayemwita kayabo, na Lubumbashi makayabo, wana kazi zaidi hapa. Sangara ni mnene na ana mafuta. Akatwe vipande vyembamba, na akaushwe zaidi kivulini, kwa sababu jua na hewa hugeuza mafuta yakawa makakasi, rangi ya manjano na ladha ya mafuta ya taa. Hilo halifanywi na bakteria yeyote, ni oksijeni peke yake.

## Hatua ya 6: Kukomaza na kuhifadhi

Ng'onda iliyotoka juani leo haijakamilika. Ifunge kwa karatasi ya kaki, uiweke pakachani au kwenye kikapu chenye matundu, mahali pakavu penye hewa, wiki mbili hadi nne. Harufu inakaa sawa, chumvi inaacha kukwaruza.

Plastiki ndiyo iliyoniponza. Nilitengeneza ng'onda mwezi wa Aprili, nikaifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni ili isishike unyevu, nikaiweka juu ya kabati. Baada ya wiki tatu niliufungua mfuko nikakuta rangi ya waridi imetanda juu ya nyama, inateleza, na chini yake nyama imekuwa kama uji. Nilikuwa nimetumia chumvi ya majaruba bila kuikaanga. Wale wekundu walipata chumvi, joto na unyevu, vitu vyao vyote vitatu.

Unyevu ulitoka wapi, kama ng'onda ilikuwa kavu? Hewani. Chumvi huanza kuvuta maji pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, na Pwani wakati wa masika hewa hupita hapo siku nyingi. Utaona ng'onda "inatoka jasho". Siku hizo ikague kila baada ya siku mbili, na jua likitoka hata kwa muda wa saa tatu tu, itoe. Mwenye friji aihifadhi humo, maana wale wekundu hawapendi baridi hata kidogo.

Ukiona vidoadoa vya kahawia kama pilipili manga iliyosagwa, ni kuvu aitwaye Wallemia, naye anapenda samaki wa chumvi asiyekaushwa sawasawa. Kidogo kikiwa juu tu, piga mswaki mkavu na uanike tena. Wekundu unaoteleza mimi simpi nafasi: natupa.

## Kuhusu papa

Papa anataka maelezo yake. Wengi husema ana mkojo kwenye nyama, ndiyo maana ananuka. Ukweli ni kwamba papa na taa huhifadhi urea mwilini kwa makusudi, ili bahari isiwanyonye maji. Akifa, bakteria huivunja urea ikawa amonia. Kwa hiyo atolewe damu mara tu anapovuliwa, akatwe vipande virefu vya unene wa sentimita mbili, alowekwe kwenye maji ya chumvi yanayobadilishwa mara mbili kabla ya kutiwa chumvi. Amonia ni hewa, na sehemu kubwa huondoka akiwa chanjani. Papa mkavu ana ukali kidogo ambao wapenzi wake wanautafuta, na zamani majahazi yalimleta hadi Unguja na Mombasa kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia kwa upepo wa kaskazi. Waislandi, kwa hákarl yao, huvundika papa wa Greenland wiki kadhaa kisha wakamtundika miezi, na wanailia amonia yenyewe.

Mama mjamzito asile papa mkubwa, kwa sababu ya zebaki iliyojikusanya mwilini mwake. Na aina kadhaa za papa, akiwemo papa nyundo, zinapungua vibaya. Changu anakutosha.

## Hatua ya 7: Jikoni

Loweka ng'onda saa 6 hadi usiku kucha, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Kumbuka kwamba ukishaitoa chumvi umefungua tena ule mlango: ng'onda iliyolowekwa ni samaki mbichi. Iloweke ndani ya friji na uipike siku hiyo hiyo. Mwenye shinikizo la damu ajihadhari hata baada ya kuloweka, maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku.

Mimi huichoma kwanza kidogo juu ya makaa, dakika mbili kila upande, mpaka kingo ziungue. Joto hilo hukutanisha asidi amino na sukari kidogo iliyomo, ikatoka harufu inayoita majirani. Kisha naichambua miba, naitia kwenye muhogo uliokaribia kuiva pamoja na nyanya moja, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, halafu tui zito mwishoni, moto mdogo, huku nikikoroga tui lisikatike. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Haitahitajika.

Na maji ya kuloweka usiyamwage shinani mwa mti wowote unaoupenda. Mpapai wangu ulikauka ndani ya mwezi mmoja.